Makumbusho ya Wapiganaji na Haki ya Kusema: Funzo la Songea

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Taratibu za siku hiyo zinafahamika. Rais huweka mkuki na ngao penye mnara. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Naye mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka silaha ya jadi. Tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya, viongozi wa dini huomba dua na sala, kisha hadhara hutawanyika. Ni ibada yenye uzito wake na hakuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo, mtu anayeitazama kwa makini hakosi kuona kwamba utaratibu wenyewe haumpi aliyekwenda vitani nafasi ya kusimulia chochote. Huweka silaha yake na kurudi mahali pake.

Katika sherehe, kimya hicho kinaeleweka, kwa kuwa sherehe ina muda wake na adabu zake. Tatizo huanza pale kimya hicho kinapohamia katika makumbusho, yaani mahali ambapo jamii imepatenga mahususi kwa ajili ya kukumbuka. Aghalabu makumbusho ya vita hujaa vyuma: bunduki zilizochakaa, mikuki, nishani, kofia, picha za majemadari. Mgeni hutoka akijua namna watu walivyouawa, lakini hajui walichokifikiri, walichokiimba, walichokiogopa, wala walichowaambia wake zao waliporejea.

Makala haya yanatetea rai kwamba makumbusho ya wapiganaji, hasa yale ya mahali, yana wajibu wa kwanza wa kuhifadhi usemi wa wapiganaji wenyewe katika lugha waliyoitumia, na kwamba silaha na sanamu zafaa kuja baada ya usemi huo. Mfano unaotumika ni Makumbusho ya Majimaji yaliyopo Songea, mkoani Ruvuma. Kutokana na mfano huo, makala yanadai pia kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa Kiswahili kama ilivyo ya wanahistoria, na kwamba kwa kizazi kilichopigana Vita vya Kagera muda uliobaki ni mfupi.

2.0 Mnara unaosema kwa niaba ya askari

Kabla ya kufika Songea, yafaa kuanzia katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hapo imesimama sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki, iliyochongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Mahali hapo, enzi za Wajerumani, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa sanamu ya jemadari huyo na baadaye wakaweka sanamu ya askari Mwafrika asiye na jina, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914-1918. Kwa wakati ule, kumsimamisha askari mweusi mahali alipokuwapo gavana mweupe lilikuwa tendo lenye maana, na haifai kulidharau.

Lakini askari huyo wa shaba anasema nini? Maandishi ya Kiingereza ya mnara huo hunasibishwa na Rudyard Kipling, mshairi mashuhuri wa dola ya Kiingereza. Kiswahili nacho kipo, pamoja na Kiarabu. Ila ni Kiswahili kilichofasiri mawazo ya mtu aliyekuwa mbali. Hakuna mpagazi yeyote aliyeulizwa atake kuandikiwa nini. Basi mnara unawasifu wapiganaji kwa lugha yao, ilhali maneno yaliyomo si yao.

Wapagazi walikosa hata majina. Jeshi la wapagazi la Waingereza limeacha alama katika majina ya mahali, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambayo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la jeshi hilo. Maelfu kwa maelfu ya watu hupita Kariakoo kila siku wakinunua vitunguu na vitambaa, na wachache wanajua kwamba wanatamka jina la jeshi la watu waliobeba vita mabegani hadi wakafa kwa homa, kuhara na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yumkini wafikao 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Taarifa ilikuja zaidi ya miaka mia moja baada ya vita. Kufikia wakati huo hapakuwa na mpagazi hata mmoja aliye hai wa kuulizwa jina la mwenzake aliyeanguka njiani.

Funzo la mnara huu ni kwamba heshima isiyotokana na maneno ya anayeheshimiwa inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa pungufu. Humtukuza mtu huku ikimnyima nafasi ya kueleza.

3.0 Songea na nguvu ya masimulizi

Makumbusho ya Majimaji ya Songea ni ya namna nyingine, kwa kuwa yamejengwa mahali pa tukio lenyewe na kwa ajili ya watu ambao wajukuu wao wangali wanaishi hapo. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, vikaenea kusini na kuwafikia Wangoni mwezi Septemba mwaka huo. Mnamo Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea. Hukumbukwa 67. Miongoni mwao walikuwamo Nkosi Mputa Gama wa Njelu, Nduna Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake, na mwanamke mmoja, Mkomanile. Kaburi la halaiki lipo katika eneo la makumbusho, na Nduna Songea ana kaburi lake peke yake. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980, na baadaye yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari, watu hukusanyika hapo kwa kumbukumbu.

Mgeni huona sanamu za viongozi, silaha, picha na kaburi. Lakini kinachozipa sanamu hizo uhai ni simulizi zinazozizunguka. Husimuliwa kwamba Nduna Songea alitaka afe na wenzake, akakataa kuachwa hai. Husimuliwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho hayo, akakutana na wazao wa waliouawa, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi ushirikiano katika kukitafuta kichwa hicho. Ni vema kujiuliza ni kitu gani kilichomleta kiongozi huyo Songea baada ya miaka 117. Mkuki uliomo kabatini hauwezi kueleza kwamba kaburi fulani lina mwili usio na kichwa. Habari hiyo ilidumu kwa sababu watu wa ukoo wa Mbano waliendelea kuisimulia, baba kwa mwana na bibi kwa mjukuu, wakati ambapo hapakuwa na mtu yeyote mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kuwasikiliza.

Ushahidi wa pili wa nguvu ya masimulizi unatoka chuoni. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa katika maeneo yaliyopigana vita hivyo kuwahoji wazee. Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na kilichapwa kijitabu chao cha kumbukumbu za vita hivyo. Kabla ya hapo, mengi yaliyojulikana yalitoka katika majalada ya serikali ya Kijerumani na vitabu vya wamisionari, ambamo vita vilielezwa kuwa wazimu wa ushirikina uliochochewa na waganga. Wazee walipoulizwa walisema mambo mengine: viboko, mashamba ya pamba waliyolazimishwa kulima, kodi, dharau za maakida, na matumaini ambayo dawa ya maji iliwapa watu waliokuwa wamegawanyika. Maelezo yao yaliibadili historia ya Tanganyika.

Kazi ile ilikuwa na upungufu mmoja ambao wapenzi wa lugha hawana budi kuutaja bila kuwavunjia heshima walioifanya. Wazee walisema kwa Kiswahili, Kingoni, Kimatumbi na lugha nyinginezo, ila matokeo yaliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza, kama taratibu za chuo zilivyotaka. Mjukuu wa Songea anayetaka kuyasoma maneno ya babu yake analazimika kuyapitia katika lugha ambayo babu huyo hakuijua. Fauka ya hayo, muhtasari wa mtafiti huchagua kilicho muhimu kwa swali la mtafiti. Swali la miaka ile ya mwanzo ya uhuru lilikuwa umoja wa kitaifa, kwa hiyo yale yaliyoonyesha umoja yalipewa nafasi pana. Wataalamu wa baadaye, mathalani walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wamelazimika kutafuta upya tofauti za mahali na mahali: sababu zilizowapeleka Wamatumbi vitani hazikulingana na zile za Wangoni waliokuwa na utawala wao na kumbukumbu ya nguvu zao. Lau maneno ya wazee yangalikuwa yamehifadhiwa yote kama yalivyosemwa, kila kizazi cha watafiti kingeweza kuyarudia na kuyauliza maswali mapya.

4.0 Lugha ya mpiganaji ni ushahidi

Yawezekana mtu akauliza kwa nini lugha isisitizwe hivi. Je, haitoshi kuhifadhi habari, hata kama maneno yatabadilika? Jibu ni kwamba katika masimulizi ya vita maneno yenyewe ni habari.

Chukua neno afande. Leo hutamkwa katika kila kambi na kituo cha polisi, na vijana hudhani ni la Kiswahili tangu asili. Asili yake ni Kituruki. Liliingia Afrika Mashariki kwa kupitia askari wa Kisudani, wakiwamo wale ambao Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Pamoja nalo vilikuja vyeo kama ombasha na shaushi, ambavyo vimekwisha kusahaulika. Historia nzima ya jeshi la kikoloni, watu waliotolewa mbali ili kuwapiga watu wasiowajua, imo katika neno hilo moja. Hali kadhalika, askari wa Keya, yaani jeshi la wananchi wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza, walikuwa na Kiswahili chao cha kambini ambacho wasanifishaji wa lugha walikicheka. Kiswahili hicho kiliwaunganisha Mkamba, Mnyamwezi, Mwacholi na Mnyasa katika mahandaki ya Uhabeshi na misitu ya Burma. Mzee aliyesimulia vita vya Burma kwa Kiswahili cha Keya, kisha maneno yake yakasahihishwa ili yafanane na ya kitabuni, amefutiwa nusu ya ushahidi wake.

Amri za gwaride nazo hubaki mwilini kupita kumbukumbu za kawaida. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa wangali hai Tanganyika. Inasimuliwa kwamba wengi wao hawakuwa na hati yoyote ya kuthibitisha utumishi wao. Basi mlipaji akawapa mmoja mmoja fagio, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye kwata kama kwamba wameshika bunduki, na hakuna aliyekosea. Hata kama hadithi hiyo imepambwa kidogo katika kusimuliwa, inabainisha jambo la kweli: wazee hao walikuwa ndio nyaraka. Walipokufa, nyaraka zikafukiwa.

Vita vya Kagera, ambavyo vipo karibu zaidi, vinatoa mifano mingine. Operesheni ya kuyarudisha nyuma majeshi ya Idi Amin iliitwa Chakaza. Hakuna mgambo aliyetoka shambani ambaye angehitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Nchini Uganda mizinga ya roketi ya Watanzania iliitwa sabasaba, na askari wenyewe wakaitwa wakombozi. Sabasaba kwa Mtanzania ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa TANU na baadaye sikukuu ya wakulima. Kwa mkazi wa Masaka ilikuwa ngurumo ya usiku. Neno moja lilibeba sherehe upande mmoja na hofu upande mwingine. Mwanaisimu na mwanafasihi wana la kujifunza hapo ambalo bunduki iliyofungiwa kabatini haiwezi kuwafunza.

Ni kweli kwamba fasihi ya Kiswahili haikunyamaza kuhusu vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya Wajerumani kuitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Majimaji. Shaaban Robert aliviandikia utenzi mrefu vita vya 1939-1945, na Henry Muhanika akachapisha mwaka 1981 utenzi wa Vita vya Kagera. Ebrahim Hussein naye alikipa kisa cha Kinjikitile jukwaa katika tamthilia yake ya mwaka 1969. Hii ni hazina ambayo makumbusho yote ya vita yangepaswa kuwa nayo. Lakini mtunzi wa utenzi husimama juu ya kilima akitazama bondeni. Hupanga matukio, hutoa mafunzo, huomba dua. Aliye bondeni huona tope, mguu wa mwenzake, na sufuria ya ugali isiyofika. Tenzi na masimulizi hukamilishana, na palipo na tenzi peke yake nusu ya picha haipo.

5.0 Pingamizi na majibu yake

Rai hii ina wapinzani, na baadhi ya hoja zao ni nzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba mzee husahau, huchanganya tarehe, na hujikweza. Ni kweli. Lakini majalada nayo yaliandikwa na watu waliokuwa na maslahi: ofisa aliyetaka kupandishwa cheo alikuwa na sababu ya kuongeza idadi ya maadui na kupunguza idadi ya vijiji alivyovichoma. Dawa ni kuyalinganisha yote mawili. Zaidi ya hayo, namna mtu anavyokosea ni elimu pia. Iwapo wazee wengi wa mahali pamoja wanakosea kwa namna moja, hapo pana jambo ambalo jamii imeamua kulikumbuka hivyo, na mtafiti hana budi kuuliza kwa nini.

Hoja ya pili inahusu swali la nani ahesabiwe shujaa. Jeshi lililowapiga Wangoni lilikuwa na Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma. Wangoni nao, kabla ya Mjerumani, waliwahi kuwashambulia majirani zao na kuwachukua mateka. Je, makumbusho yawape wote hao nafasi ya kusema? Hapa ndipo sanamu inaposhindwa. Sanamu haiwezi kubeba shaka, kwa kuwa kumchonga mtu na kumweka juu ya jiwe ni kumtukuza tayari. Masimulizi yana nafasi ya kutosha. Mjukuu wa askari wa Kijerumani anaweza kueleza namna babu yake alivyoandikishwa, alivyolipwa, na alivyoishi baadaye na majirani waliomkumbuka. Kumsikiliza si kumpa nishani. Makumbusho yanayokubali sauti za namna hiyo hayaivunji heshima ya walionyongwa. Yanawapa vijana sababu ya kufikiri, ambayo ni zaidi ya sababu ya kupiga makofi.

Hoja ya tatu ni siri za jeshi. Jeshi lina haki ya kulinda mambo yake, na hakuna mtu mwenye busara atakayedai vinginevyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya anayoyasimulia askari mstaafu haimo katika fungu hilo: namna alivyoagana na mama yake, nyimbo za njiani, baridi ya mvua za Kagera, urafiki, hofu, barua zilizochelewa, na safari ya kurudi. Yale yenye mashaka yanaweza kufungwa kwa muda wa miaka itakayokubaliwa, kama yafanyiwavyo majalada ya serikali. Kufunga maneno kwa miaka 30 ni tofauti na kuyaacha yafe.

Hoja ya nne, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wazee wengine hawataki kusema. Hiyo nayo ni kweli, na ni lazima iheshimiwe. Haki ya kusema inakwenda sambamba na haki ya kunyamaza. Mwenye kidonda hafunuliwi kwa nguvu ili wageni wakitazame. Lakini kimya cha mtu aliyeulizwa kwa adabu akakataa ni tofauti na kimya cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza.

6.0 Kazi ya idara za Kiswahili

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera, kama vile waliokufa kwa ajili ya ukombozi wa Msumbiji walivyozikwa Naliendele, Mtwara. Makaburi hayo hutunzwa na kuheshimiwa. Waliorudi wakiwa hai ndio wasiotunzwa kwa maana ya maneno yao. Kitabu kinachotajwa zaidi kuhusu vita hivyo, cha Tony Avirgan na Martha Honey, kilitolewa mwaka 1982 kwa Kiingereza na waandishi wa habari wa Kimarekani waliofuatana na majeshi. Ni kitabu chenye manufaa. Lakini ni jambo la kutafakarisha kwamba vita vilivyopiganwa na kuamrishwa kwa Kiswahili, na watu waliotoka katika karibu kila kijiji cha nchi, vinasomwa kwanza kwa lugha nyingine.

Hesabu ni nyepesi. Wanafunzi wa 1968 waliwafikia wazee wa Majimaji miaka 63 baada ya vita kuanza, wakawakuta waliokuwa watoto au vijana wakati ule; wengi waliopigana walikuwa wamekwisha kufa. Ikiwa Vita vya Kagera vitasubirishwa kwa muda uleule, watafiti watafika mwaka 2041. Askari aliyekuwa na miaka 20 alipovuka Mto Kagera atakuwa na miaka 83, na kamanda wake hatakuwapo.

Idara za Kiswahili zina nini cha kuchangia? Kwanza, zina wanafunzi. Kila mwaka mamia ya vijana hutafuta mada za tasnifu, na wengi huishia kurudia uchambuzi wa riwaya zilezile. Mwanafunzi mmoja akimhoji mzee mmoja wa kijijini kwake, akayanukuu maneno yake yote bila kuyasahihisha, akayafafanua maneno ya kijeshi na ya lahaja, na kuikabidhi nakala kwa makumbusho ya mkoa, atakuwa ameifanyia lugha na nchi kazi ambayo haitachakaa.

Pili, zina utaalamu wa unukuzi. Kuandika usemi kama ulivyotamkwa, pamoja na kusita, kurudia, wimbo unaokatiza hadithi na methali inayoifunga, ni ufundi unaofundishwa katika madarasa ya fasihi simulizi. Mahali ambapo mzee anasema Kingoni, Kihaya au Kimakonde, anukuliwe katika lugha hiyo kwanza, kisha ifuate tafsiri ya Kiswahili. Haifai Kiswahili kiwatendee wengine kile ambacho Kiingereza kilikitendea.

Tatu, zinaweza kuyashauri makumbusho kuhusu namna ya kuyapokea masimulizi. Mkuki unapoletwa, huandikwa katika daftari, hupewa namba, hutajwa aliyeutoa na ulikotoka. Masimulizi yapewe daraja hilohilo: namba, jina la msimulizi kama ameridhia, mahali, tarehe, jina la mhojaji, na masharti ya matumizi. Nakala moja ibaki kwa familia. Mgeni anayesimama mbele ya sanamu aweze kuketi na kusikia, au kusoma, maneno ya mtu wa ukoo huo. Gharama ya kinasa sauti na kabati la kuhifadhia ni ndogo kuliko gharama ya sanamu moja.

Aidha, wanaohojiwa wasiwe wanaume waliobeba bunduki pekee. Makadirio ya wanahistoria yanafikisha waliokufa katika Majimaji watu 250,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Njaa hiyo ilipiganwa jikoni. Huko Kagera pia kuna wanawake waliokimbia na watoto mgongoni, wauguzi waliopokea majeruhi, na wajane waliopokea habari. Mkomanile amepata nafasi yake miongoni mwa walionyongwa. Wenzake ambao hawakunyongwa bado wanangoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba makumbusho ya wapiganaji huwaheshimu kwa ukamilifu pale yanapowapa nafasi ya kusema. Mnara wa Dar es Salaam umeonyesha namna sifa zinavyoweza kutungwa na mtu mwingine. Songea imeonyesha kwamba masimulizi ya ukoo mmoja, yaliyotunzwa bila msaada wa dola, yanaweza kumfanya rais wa nchi kubwa ainamishe kichwa. Kazi ya mwaka 1968 imeonyesha kwamba kuwauliza wazee kunaweza kubadili historia ya taifa, na kwamba lugha ikipuuzwa sehemu ya jibu hupotea.

Hakuna haja ya kungoja jengo jipya, wala tume, wala mfadhili wa kutoka nje. Katika vijiji vingi wamo wazee ambao kila Julai huvaa makoti yao ya zamani, wakazibandika nishani, wakaenda uwanjani kusimama. Jioni hurudi nyumbani na kuketi barazani. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mwenye daftari na adabu ya kuamkia, safari ya kufika kwenye baraza hiyo ni fupi, na shikamoo yake itaitikiwa.